Vipande Vinane: Sketi ya Mti wa Noeli na Mabaki ya Vikwembe

Ikikaribia Noeli, mafundi wa kushona wa Kalemie huanza kukataa kazi. Wazazi wanataka nguo mpya za watoto kwa ajili ya Noeli na Bonana, kwaya zinasubiri sare, na akina mama wa vikundi vya parokia wameleta vikwembe vya namna moja wakitaka vyote viwe tayari siku moja. Chini ya meza ya kukatia hubaki rundo la vipande: pembe zilizotoka kwenye kwapa la blauzi, kanda ndefu zilizobaki ukingoni mwa kitambaa, mraba ulioharibika kwa sababu mkasi uliteleza. Vingi huishia kuwashia moto wa makaa au kufutia mafuta ya mashine.

Vipande hivyo vinatosha kushona sketi ya mti wa Noeli, yenye tabaka tatu, kwa mkono au kwa mashine ya kukanyaga, ndani ya nyumba. Ni kitu kidogo. Hata hivyo naamini kinastahili kupewa uzito katika mji huu, kwa sababu ya historia ya kitambaa kwenye ufuko huu wa Ziwa Tanganyika, na kwa sababu anayekishona hadi mwisho hujifunza karibu kila kitu ambacho mshonaji wa nyumbani anahitaji kukijua.

Sketi ya mti ni kitambaa cha duara chenye tundu katikati na mpasuko mmoja unaotoka kwenye tundu hadi ukingoni, ili kiweze kuzungushwa kwenye shina. Desturi ya kuupamba mti sebuleni ilikuwepo Strasbourg mwanzoni mwa karne ya 17. Maandishi ya mwaka 1605 yanataja miti iliyotundikwa matofaa na maua ya karatasi. Baadaye miti hiyo iliwekewa mishumaa, na chini yake kikahitajika kitambaa cha kupokea nta iliyodondoka na majani makavu. Mishumaa imeondoka, kitambaa kimebaki. Leo kinaficha miguu ya chuma ya mti wa plastiki, au ndoo yenye mchanga iliyoshika tawi bichi, na juu yake huwekwa pango la kuzaliwa kwa Mtoto Yesu na zawadi kama zipo.

Wapo watakaosema kwamba hii ni desturi ya kigeni na haina kazi Kalemie. Hoja hiyo ina uzito. Mti wa msonobari haukuzaliwa kwenye fukwe zetu, Desemba hapa ni mwezi wa mvua na joto, na theluji inayochorwa kwenye mapambo ya dukani haijawahi kuanguka kwenye paa lolote la mji huu. Lakini familia nyingi tayari zinasimamisha mti, wa plastiki au wa tawi, na wengine hupamba kwa makuti ya mchikichi. Mradi mti upo sebuleni, tunaweza kuamua wenyewe utavikwa nini. Tukiuvika kitambaa chekundu chenye kulungu wa nchi za baridi, tumenunua sikukuu ya watu wengine. Tukiuvika vikwembe vya nyumba hii, sikukuu imeingia katika maisha ya watu wanaoiadhimisha.

Kitambaa kwenye ufuko huu

Ni vigumu kutaja bidhaa nyingine iliyogusa maisha ya watu wa ziwa hili kwa kina kama kitambaa. Katika karne ya 19, misafara iliyovuka kutoka Ujiji kwenda Manyema ilipita Mtowa, karibu na mahali ilipo Kalemie leo, na kitambaa ndicho kilichokuwa fedha ya safari. Msafiri Stanley alipofika Ujiji mwaka 1871, sehemu kubwa ya mizigo yake ilikuwa majora: merikani nyeupe iliyofumwa Marekani na kuletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, kaniki ya rangi ya giza, na nguo za rangi kwa ajili ya machifu. Chakula, ruhusa ya kupita na ujira wa wapagazi vilihesabiwa kwa doti, yaani yadi 4. Biashara hiyohiyo ilibeba pia watumwa na pembe za ndovu, na hatuwezi kuzungumzia uzuri wa vitambaa vya wakati ule bila kukumbuka vilinunua nini.

Kisha ukaja ukoloni wa Wabelgiji, na mahali hapa pakaitwa Albertville. Reli kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915. Kuanzia mwaka 1917 serikali iliwalazimisha wakulima wa Kongo kulima pamba. Kampuni ya Cotonco iliundwa mwaka 1920, na kampuni za pamba zikapewa maeneo ambamo mkulima hakuwa na mnunuzi mwingine, kwa bei aliyopangiwa. Kaskazini mwa Katanga, katika sehemu ambazo leo ni jimbo la Tanganyika, pamba ilikuwa miongoni mwa kazi hizo za lazima. Mama aliyeinama shambani kuvuna pamba hakuwa na sauti juu ya bei yake, na mara nyingi hakuweza kununua nguo iliyotokana nayo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mji ulipata kiwanda chake cha kusokota na kufuma, Filtisaf. Kwa muda fulani pamba iliweza kuingia Albertville ikiwa marobota na kutoka ikiwa kitambaa. Wanaume walikwenda kazini kwa zamu, nyumba za wafanyakazi zikajengwa, na jina la kiwanda likawa jina la mahali. Mitambo imenyamaza zamani, lakini jina la Filtisaf bado linatajwa mjini kana kwamba kila mtu anajua maana yake. Leo vikwembe vinaingia kwa boti kutoka Kigoma, kwa reli na barabara kutoka Lubumbashi, na vingi vimechapwa China. Waksi za Vlisco, kampuni iliyoanzishwa Helmond, Uholanzi, mwaka 1846, bado zinahesabiwa kuwa za juu na huwekwa kwa ajili ya harusi.

Mji uliowahi kufuma sasa unanunua kila uzi. Kilichobaki kwetu ni kukata na kushona. Ndiyo maana sioni ushonaji wa nyumbani kama burudani ya pembeni. Ni sehemu ya mwisho ya safari ndefu ya kitambaa ambayo bado inafanyika mikononi mwetu wenyewe.

Heshima ya kiraka

Kabla ya kushika mkasi, kuna dharau moja ya kuondoa. Watu wengi wanaona nguo iliyoungwa vipande ni alama ya shida, na mama anaweza kuona haya kumwekea mgeni kitu cha viraka katika siku kubwa ya mwaka. Dharau hiyo inasahau kazi kubwa iliyofanyika katika nchi yetu wenyewe.

Katika ufalme wa Wakuba, huko Kasai, wanaume walifuma kitambaa cha nyuzi za rafia na wanawake wakakipamba kwa sindano. Sketi ndefu za sherehe, ambazo mwanamke huzizungusha kiunoni mara kadhaa, zimejaa viraka vya maumbo mbalimbali vilivyoshonwa juu ya kitambaa cha chini. Watafiti wanaeleza chanzo chake hivi: kitambaa cha rafia ni kigumu kikitoka kwenye mtambo, hivyo hupondwa ili kilainike, na katika kupondwa hutoboka. Tundu likazibwa kwa kiraka. Baadaye kiraka kikapendwa kwa uzuri wake, kikashonwa hata mahali pasipo na tundu, na mpangilio wa viraka ukawa sanaa yenye sheria zake. Mchoraji Henri Matisse alitundika vitambaa vya Wakuba katika chumba chake cha kazi huko Ufaransa na kuvitazama kwa miaka. Alichokuwa anakitazama, kwa sehemu, ni uamuzi wa wanawake wa Kasai kuhusu mahali pa kuweka kiraka.

Mfano wa pili uko ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Wasidi wa jimbo la Karnataka, India, ni wazao wa watu waliotoka Afrika, wengi wao wakiwa wamechukuliwa utumwani. Wanawake wao hushona mablanketi ya vipande yanayoitwa kawandi, kwa nguo kuukuu za familia. Namna yao ni ya pekee: huanza ukingoni, hushona kwa mistari mirefu ya mkono kuzunguka blanketi lote, na kusonga kidogo kidogo kuelekea katikati, wakikunja kila kipande kwa vidole kabla ya kukishona. Kwenye pembe huweka vipande vidogo vya kitambaa vilivyokunjwa ambavyo wao huviita maua. Bila hayo, blanketi halijakamilika. Watu walionyang'anywa karibu kila kitu waliufanya mshono uwe mahali pa kuweka uzuri.

Kutoka kwa Wakuba tunachukua ujasiri wa kuonyesha kiraka. Kutoka kwa Wasidi tunachukua nguo kuukuu, uzi wa mkono na mshono wa kuzunguka. Tukiwa na urithi wa namna hiyo, sketi ya vipande sebuleni mwetu haihitaji kuombewa radhi.

Kupima na kukata

Chagua ukubwa unaokubaliana na kikwembe. Upana wa kikwembe kwa kawaida ni kama sentimita 115 hivi, kwa hiyo duara la kipenyo cha sentimita 110 linaweza kupata kitambaa cha chini kisichoungwa, ukijumlisha na sentimita moja ya mshono kila upande. Nusu kipenyo chake ni sentimita 55. Tundu la katikati liwe na nusu kipenyo cha sentimita 6, ambalo linatosha shina la mti wa plastiki na hata tawi nene kiasi. Eneo lote ni chini kidogo ya mita moja ya mraba.

Kiolezo kinatengenezwa kwa karatasi ya ndani ya mfuko wa saruji, iliyokung'utwa na kufutwa vizuri. Gazeti huacha wino kwenye vitambaa vyeupe. Unganisha karatasi hadi upate mraba wa sentimita 112. Ikunje katikati, kisha katikati tena, kisha ulaze upande mmoja wa mkunjo juu ya mwingine kwa mara ya tatu. Sasa una kabari ambayo ni moja ya nane ya duara, bila kuhitaji kifaa chochote cha kupimia pembe. Shika ncha, pima kwa kamba au futi ya fundi sentimita 55 kuelekea chini katika sehemu kadhaa, na uunganishe alama hizo kwa mstari uliopinda. Fanya vivyo hivyo kwa sentimita 6 za juu. Kabari hiyo ina urefu wa sentimita 49, upana wa sentimita 42 hivi chini kutoka pembe hadi pembe, na karibu 5 juu. Ongeza sentimita moja kila upande kwa ajili ya mshono, na kiolezo kiko tayari.

Kabla ya kukata, fua kila kitambaa. Pamba mpya husinyaa, na kikwembe kipya huja na wanga unaokifanya kionekane kizito kuliko kilivyo. Jambo la hatari zaidi ni rangi. Lowesha pembe ya kitambaa chekundu au cha buluu nzito, kibane kwenye kitambaa cheupe, na utazame. Kama rangi inatoka, endelea kukifua peke yake hadi maji yawe safi. Kama haikomi, kiache. Kipande kimoja kinachochuja kinaweza kuharibu vingine saba siku ya kwanza sketi itakapofuliwa.

Weka kiolezo ili nyuzi za kitambaa zipite wima katikati ya kabari. Hapo pande zake mbili zitaangukia mshazari kidogo, kwa hiyo zitavutika kwa urahisi. Usizivute kwa mkono, na pasi ibonyezwe bila kuburutwa. Kama vipande ulivyonavyo ni vidogo kuliko kabari, shona kwanza kanda za sentimita 6 au 8 moja baada ya nyingine hadi zifanye kitambaa kimoja kinachotosha kiolezo, kisha ukate. Kanda za rangi zilizopangwa kwa makini mara nyingi hupendeza kuliko kipande kizima.

Mshono, pembe na ukweli wake

Unganisha kabari mbili mbili, kisha nne nne, kisha nusu mbili za duara upande mmoja tu. Hiyo ni mishono saba. Mahali pa mshono wa nane panabaki wazi na ndipo mpasuko wa sketi.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawaelezwi. Mshonaji anayeanza huogopa kwamba mshono mpana kuliko uliopangwa utaharibu duara. Ukiwa mpana kwa kiasi kilekile kutoka juu hadi chini, madhara ni madogo: pembe ya kabari haibadiliki, tundu la katikati linapungua kidogo, na kitambaa bado kinalala sakafuni. Kinachoharibu ni mshono unaokwenda upande. Ukila kitambaa zaidi chini kuliko juu, kila kabari inapoteza sehemu ya pembe yake, na mishono saba ikifanya hivyo midomo ya mpasuko haikutani. Ukiilazimisha ikutane, sketi inainuka katikati. Ukila zaidi juu kuliko chini, ukingo unapata mawimbi na midomo inapishana. Kwa hiyo tandika kazi sakafuni kila baada ya mshono mmoja na uitazame. Kurekebisha mshono mmoja ni kazi ya dakika chache. Kurekebisha saba ni kufumua jioni nzima.

Baada ya hapo zinakuja tabaka. Chini kabisa weka kitambaa cha nyuma, uso wake ukiangalia sakafu: shuka kuukuu au kikwembe kizima. Katikati weka kitu chembamba chenye joto, na blanketi jepesi lililochakaa linafaa kuliko vyote. Pamba ya kujazia mito hujikusanya mabonge isiposhonwa kwa mistari iliyo karibu sana, na sufi huteleza na kushika moto upesi, kwa hiyo iache. Juu weka duara lako. Anza kupiga bandi kutoka katikati kwenda ukingoni, mistari ikitawanyika pande zote, ili kila kunyanzi lisukumwe nje badala ya kunaswa katikati. Bandi ziwe ndefu na za uzi wa rangi tofauti, kwa sababu zitaondolewa.

Kisha kazi ya sindano yenyewe: mishono mifupi ya mkono inayopita tabaka zote tatu, ukivaa subana kidoleni. Mistari isiachane zaidi ya upana wa kiganja, ili blanketi la ndani lisihame. Unaweza kufuata mishono ya kabari kwa umbali wa nusu sentimita. Mimi ningeshauri zaidi mistari inayotoka mahali tunapoishi. Mawimbi ya ziwa yanazunguka duara vizuri. Ndagala wadogo wanaweza kuogelea wakifuatana ukingoni, na mukebuka mmoja akajaza kabari nzima. Taa za wavuvi zinazoonekana ziwani usiku wa giza zinaweza kuwa nukta za uzi wa njano, na kabari nane zenyewe zinabeba nyota yenye ncha nane, nyota ya Mamajusi, kwa anayetaka kuichora kwa sindano. Injili inawataja wavuvi na mashua zaidi ya inavyotaja kulungu, na theluji haimo kabisa katika habari ya Bethlehemu.

Malizia kwa ukanda uliokatwa mshazari, kwa digrii 45, upana wa sentimita 5. Ukanda wa mshazari hukubali kupinda kwenye duara. Uliokatwa wima hukunjamana. Ukingo wa nje ni sentimita 346, pande mbili za mpasuko ni 98, na tundu ni 38. Jumla ni sentimita 482, kwa hiyo andaa mita 5 na ziada kidogo ya kukunjia. Nusu mita ya kikwembe inatosha. Shona vikamba jozi tatu kwenye mpasuko. Na mti ukishasimama, mishumaa ikae mbali nao, hasa siku ambazo umeme umekatika na kila nyumba inatafuta mwanga. Plastiki na kitambaa havisubiri mtu afike na maji.

Kuchagua vipande

Kalemie, kikwembe ni akiba. Mama hukiweka sandukuni, kikwembe huhesabiwa katika mahari, na hutolewa kama zawadi ya kuzaa, ya kipaimara, ya msiba. Mtu akitazama vikwembe vya mama mmoja anaweza kusoma miaka yake: hiki kilikuwa sare ya harusi ya mdogo wake, hiki cha sikukuu ya wanawake ya tarehe 8 Machi, hiki cha jubilei ya parokia. Vipande vinavyobaki baada ya kushona nguo hizo vinabeba habari ileile. Ndiyo maana kabari nane zinaweza kuwa nyakati nane za familia, na mtoto anayelala chali chini ya mti akiuliza, "Mama, hiki kilikuwa cha ndoa ya nani?", anapata jibu ambalo pambo la dukani haliwezi kumpa.

Uchaguzi huo una adabu zake. Usikate kikwembe cha mtu mwingine bila kumwomba, hata kama kimechanika. Kitambaa cha msiba kiulizwe kwa wazee: katika familia moja ni heshima kumweka marehemu katikati ya sikukuu, katika nyingine ni kuamsha kilio. Nguo ya mtoto aliyefariki isiguswe kabisa mpaka mama yake mwenyewe aitoe.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika miaka hii. Mapigano kati ya Watwa na Waluba, yaliyopamba moto mwaka 2016 na 2017, yaliwafukuza watu wengi vijijini, na maelfu wakafika kandokando ya Kalemie wakiwa na walichoweza kubeba. Ziwa nalo lilipanda na kuingia katika nyumba za ufukweni, mwaka 2021 na tena mwaka 2024. Katika matukio kama hayo sanduku la vikwembe ni kati ya vitu vya kwanza kupotea. Aliyebakiwa na kikwembe kimoja tu hana mabaki ya kukata, na hatapewa somo la kutumia vipande na mtu mwenye masanduku matatu. Lakini jirani anaweza kumpa kabari, fundi anaweza kumpa vipande, na sketi iliyoungwa kutoka nyumba nane tofauti ni nzuri kama iliyotoka nyumba moja. Katika jumuiya ndogo ya Kikristo, hilo linaweza kufanywa bila gharama kubwa na bila hotuba.

Thamani ya kazi

Kuna swali la biashara. Msichana aliyejifunza kukata na kushona anaweza kuuliza kama sketi hizi zinauzika. Zinaweza kuuzika, kwa familia zenye mti, kwa parokia, kwa hoteli na ofisi. Lakini bei ihesabiwe kwa haki. Vipande ni vya bure au karibu na bure, kwa hiyo mnunuzi atataka kulipa karibu na bure. Anachonunua ni saa za sindano, na saa hizo ni nyingi. Anayeuza bila kuzihesabu ataacha kazi hii baada ya msimu mmoja na kuamini kwamba ushonaji haulipi. Ni afadhali kushona chache, kupunguza mistari ya mkono na kutumia mashine kwenye mishono mirefu, kuliko kuuza jasho kwa bei ya takataka. Wakulima wa pamba wa jimbo hili walipangiwa bei na watu wasioshika jembe. Washonaji wa leo wana uhuru wa kutaja bei yao, na wanapaswa kuutumia.

Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko katika mafunzo. Vituo vingi vinavyofundisha wasichana na akina mama kushona huanza na pindo la kitambaa cha mraba, kisha sketi rahisi, kisha blauzi. Mwanafunzi anaharibu kitambaa kipya alichonunua kwa shida, na akishindwa anaona haya kukivaa. Sketi ya mti haina kiuno cha kukosea wala bega la kubana. Inatumia mabaki, kwa hiyo kosa halimgharimu mtu chakula cha jioni. Ndani yake kuna kupima duara, kutengeneza kiolezo, kusoma mwelekeo wa nyuzi, kushona mshono ulionyooka, kupiga bandi, kudarizi kwa mkono, kukata mshazari na kufunga ukingo. Mwanafunzi anayeweza kulaza duara la kabari nane sakafuni bila kuinuka wala kupiga mawimbi yuko tayari kukata sketi ya mwanamke, kwa sababu hesabu yake ni ileile.

Kwa hiyo pendekezo langu ni la vitendo. Vituo vya mafunzo viiweke kazi hii katika muhula unaoishia Desemba, na mafundi wa mjini wawape vipande vyao. Kila nyumba inayosimamisha mti ianze mwezi wa kumi, kabla mafundi hawajazidiwa na kabla uzi haujapanda bei. Na upande wa nyuma wa sketi, karibu na mpasuko, uandikwe kwa sindano mwaka na jina la aliyeshona. Kitambaa kilichofumwa Filtisaf kilitoka mjini bila majina ya waliokifuma, na pamba ya wakulima ilikwenda bila majina ya waliovuna. Kazi inayotoka leo mikononi mwa watu wa Kalemie ina haki ya kubeba jina.